Fuata Fedha Kabla ya Kuchagua Mada: Mwongozo wa Uzamili na Uzamivu wa Astronomia kwa Mwanafunzi wa Dar es Salaam

Anayetaka kusoma astronomia baada ya shahada ya kwanza huanza kwa kuchagua mada: nyota zinazobadilika mwanga, sayari za mbali, galaksi zinazotoa mawimbi ya redio. Tunashauri uanze kwingine. Jua kwanza ada, posho na muda wa darubini vitatoka hazina ya nchi gani, na nchi hiyo hupitisha bajeti yake mwezi gani. Mada hurekebishika ndani ya wiki mbili. Fedha zikikatika katikati ya mwaka wa pili, hakuna mada itakayokulipia chumba Changanyikeni.

Astronomia haina mteja wa sokoni. Mtafiti wa mbegu au dawa anaweza kupata kampuni ya kumlipa. Anayepima umri wa nyota hana. Darubini kubwa, kompyuta za kuchakata data na posho za wanafunzi wanaozitumia hulipwa kwa sehemu kubwa na serikali, moja kwa moja au kupitia mabaraza ya utafiti na vyuo. Mwanafunzi wa Tanzania anabanwa na bajeti mbili kwa wakati mmoja: ya nyumbani, na ya nchi inayofadhili.

Chora mnyororo wa fedha

Chukua karatasi. Juu kabisa andika hazina, chini yake wizara, kisha chombo kinachogawa fedha za utafiti, kisha chuo, kisha msimamizi, mwisho wewe. Kwa fedha za ndani mnyororo unashuka kutoka Hazina kwenda Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia, kisha COSTECH pale Kijitonyama, tume ya sayansi na teknolojia iliyoundwa kwa sheria ya 1986, halafu chuo chako. Kando ya kila pingili andika mambo matatu: nani anatia saini, mwezi gani fedha hutoka, na sharti gani linaweza kuzizuia. Pingili usiyoweza kuijaza ndiyo ya kuulizia kwanza.

Kisha weka kalenda pembeni. Mwaka wa fedha wa Tanzania huanza 1 Julai. Wa Uingereza na Afrika Kusini huanza Aprili, wa Ujerumani Januari, wa Marekani 1 Oktoba. Ukiomba fedha miezi miwili kabla ya mwaka wa mfadhili kufungwa, mara nyingi utakuta fungu limeshagawanywa. Muda mzuri wa kupeleka wazo ni wakati bajeti ya mwaka unaofuata inaandaliwa. Kwetu hiyo ni miezi kabla ya Bunge la bajeti kuketi Dodoma kuanzia Aprili. Hotuba ya Juni huwakuta wenzako wameshaingiza maombi yao.

Hapa wengi hukosea: fedha kupitishwa bungeni si sawa na fedha kutolewa. Bunge linaweka ukomo. Hazina inatoa kwa awamu kadiri mapato yanavyoingia. Mradi ulioandikiwa kuanza Julai unaweza kupata awamu ya kwanza miezi mingi baadaye. Panga miezi 6 ya mwanzo kwa kazi isiyohitaji fedha hizo: kusoma machapisho, kujifunza programu, kushusha data za wazi. Usipange safari wala ununuzi wa kifaa ndani ya kipindi hicho.

Soma habari za bajeti za nje kama zinakuhusu, kwa sababu zinakuhusu

Uingereza ilipunguza msaada wa maendeleo kutoka asilimia 0.7 ya pato lake la taifa hadi 0.5 mwaka 2021, na mwaka 2025 ikatangaza kushuka hadi 0.3 ifikapo 2027. Fungu hilo la msaada ndilo lililolipia mafunzo ya astronomia ya redio ya mpango wa DARA katika nchi kadhaa za Afrika. Sweden, iliyogharamia utafiti na uzamivu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa miongo kadhaa, ilitangaza Desemba 2025 kwamba inasitisha misaada ya maendeleo kwa Tanzania na nchi nyingine chache. Si jambo jipya kwetu. Marekani iliweka Unguja kituo cha kufuatilia vyombo vya anga vya Mercury, mradi wake wa kwanza wa kupeleka watu angani, na baada ya Mapinduzi ya 1964 kituo hicho kikafungwa.

Marekani yenyewe inahitaji kusomwa kwa utulivu. Rais hupendekeza, Bunge huamua. Kwa mwaka wa fedha 2026 pendekezo lilitaka bajeti ya NSF, wakala wa serikali unaofadhili utafiti wa sayansi, ipunguzwe kwa takriban asilimia 57 na ya sayansi ya NASA kwa takriban 47, na Bunge halikukubali makato ya ukubwa huo. Lakini madhara hayakusubiri kura. Idara za vyuo huamua udahili wa uzamivu kati ya Desemba na Machi, na vyuo kadhaa vilipunguza nafasi mwaka 2025 kwa hofu tu. Kisha serikali ya shirikisho ikafunga shughuli kwa siku 43, kuanzia 1 Oktoba hadi 12 Novemba 2025.

Ufadhili wa GRFP, ambao NSF huwapa wanafunzi wa uzamili na uzamivu, hauwahusu Watanzania, ni wa raia na wakazi wa kudumu wa Marekani. Hata hivyo, awamu ya kwanza ya 2025 ilipotoa nafasi 1,000 tu badala ya takriban 2,000 zilizozoeleka, Wamarekani waliokosa walirudi kugombea posho zilezile za idara ambazo mgeni hutegemea. Kwa hiyo, ukiomba Marekani, usipeleke maombi yako yote kwa vyuo vinavyoishi kwa ruzuku ya NASA au NSF peke yake. Tafuta angalau idara moja inayotoa posho kwa kazi ya kufundisha maabara za fizikia: madarasa ya shahada ya kwanza hayafungwi ruzuku inapokatika.

Afrika Kusini: njia ya karibu yenye masharti ya kusoma mara mbili

MeerKAT, darubini ya redio ya sahani 64 iliyozinduliwa 2018 katika eneo kame la Karoo, imeifanya Afrika Kusini kuwa mahali pazuri zaidi barani pa kusoma astronomia. Sehemu ya SKA, mradi mkubwa wa kimataifa wa darubini za redio, inajengwa hapohapo. Watanzania wengi hudhani wanaingia moja kwa moja katika ufadhili wa mradi huo. Nchi washirika za Afrika za SKA ni 8 nje ya Afrika Kusini: Botswana, Ghana, Kenya, Madagaska, Mauritius, Msumbiji, Namibia na Zambia. Tanzania haimo. Tangazo likisema nafasi ni za nchi washirika, usipoteze ada ya kutuma vyeti. Likisema ni za Afrika nzima, omba.

Faida yetu iko kwingine. Tanzania ni mwanachama wa SADC, na itifaki ya elimu ya jumuiya hiyo ya 1997 inataka wanafunzi wa nchi wanachama watozwe ada kama wenyeji. Vyuo vingi vya umma vya Afrika Kusini hufuata hilo, ingawa kadhaa huongeza tozo ya mwanafunzi wa kimataifa. Omba karatasi ya ada yenye mstari wa SADC kabla ya kuandika bajeti. Ukiandika ada ya mgeni kamili, mfadhili anaweza kukukataa kwa gharama ambazo hukupaswa kulipa.

Angalia na hesabu ya miaka. Shahada yetu ya sayansi ya miaka 3 kwa kawaida inakuingiza kwanza Honours, mwaka mmoja wa masomo kabla ya uzamili, si uzamili wenyewe. NASSP, programu ya kitaifa ya Afrika Kusini ya astrofizikia na sayansi ya anga, inafundisha ngazi hizo mbili. Ufadhili unaosema miaka 2 ya uzamili hautalipia mwaka huo wa Honours, na hapo ndipo watu hukwama wakiwa wameshafika.

Maswali ya kumwandikia msimamizi mtarajiwa

Yaandike kwa heshima, katika barua pepe ya pili, baada ya kuzungumzia sayansi. Msimamizi mwaminifu hatachukizwa.

1. Ruzuku itakayonilipa inaisha tarehe gani? Ikiisha miezi 14 baada ya mimi kuanza, nani ananilipa baada ya hapo?
2. Fedha zimetolewa zote kwa mkupuo au kila mwaka kwa awamu? NSF, kwa mfano, ina ruzuku za aina zote mbili. Ya awamu hutegemea bajeti ya kila mwaka.
3. Posho, ada, bima ya afya na ada ya viza vinatoka fungu moja au mafungu tofauti?
4. Je, uraia wangu unaruhusiwa kwenye kila fungu hilo?
5. Data ninazotegemea zimeshapatikana, au tunasubiri muda wa darubini?

Swali la tano ndilo linalopuuzwa zaidi. Muda wa darubini za anga za juu Hubble na James Webb huombwa bure na mtafiti wa nchi yoyote, lakini fedha za NASA za kuchambua matokeo huenda kwa watafiti walioko taasisi za Marekani. Mtu wa Dar es Salaam anaweza kushinda saa za kutazama na akakosa hata fedha ya kompyuta. Andiko la fedha za uchambuzi liandikwe sambamba na andiko la muda, kwa mfadhili mwingine.

Jenga tasnifu isiyovunjika fedha zikikatika

Gawanya tasnifu sehemu tatu, na sehemu ya kwanza itegemee data zilizokwisha kuwa wazi. Toleo la tatu la data za Gaia, chombo cha anga cha Ulaya kilichopima nyota, la Juni 2022, lina vyanzo takriban bilioni 1.8, na mtu yeyote anaweza kuuliza sehemu anayotaka bila malipo. Jedwali la kundi moja la nyota ni megabaiti chache. Faili moja la mwanga wa nyota kutoka TESS, darubini ya anga ya NASA inayotafuta sayari za mbali, lile la vipimo vya kila dakika 2, lina megabaiti takriban 2. Kompyuta mpakato yenye RAM ya gigabaiti 16, diski ya nje ya terabaiti 2 na programu za bure za kuchambua data za astronomia kama Astropy na TOPCAT zinatosha kutoa sura nzima ya tasnifu. Ongeza UPS, betri ya akiba ya kompyuta, maana umeme ukikatika wakati faili linaandikwa, faili huharibika.

Data ghafi za redio ni habari nyingine. Utazamaji mmoja wa MeerKAT unaweza kufika terabaiti. Kwa mtandao wa megabiti 10 kwa sekunde, terabaiti 1 inachukua zaidi ya siku 9 bila kukatika hata mara moja. Kwa megabiti 100 ni kama saa 22. Kabla ya kukubali mada ya redio, pata kwa maandishi akaunti kwenye seva iliyo karibu na data, na uliza akaunti hiyo inaishi muda gani baada ya mradi kufungwa. Ukibaki Dar es Salaam, uliza idara kama chuo kimeunganishwa na TERNET, mtandao wa elimu na utafiti wa Tanzania, na kasi halisi ni ipi saa nne asubuhi, si usiku wa manane.

Sehemu ya pili itumie data mpya zilizokwisha idhinishwa. Sehemu ya tatu pekee ndiyo iwe ya ndoto: kifaa kipya, safari ya Sutherland kwenye darubini za Afrika Kusini, utazamaji uliosubiriwa. Ikikatwa, unabaki na shahada.

Bajeti ya shilingi na dola

Mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa karibu shilingi 2,300. Mwaka 2024 ilipita 2,600. Tiketi ya dola 600 iliyoandikiwa shilingi 1,380,000 kwa kiwango cha 2,300 inahitaji 1,620,000 kwa kiwango cha 2,700. Andika kila gharama ya nje kwa dola, onyesha kiwango na tarehe yake, na weka asilimia 10 hadi 15 ya tahadhari kama mfadhili anaruhusu. Ukiwa umeajiriwa na una deni la Bodi ya Mikopo, kumbuka asilimia 15 ya mshahara wa msingi inakatwa kabla hujagusa fedha.

Vifaa vinavyonunuliwa na chuo cha umma hupitia NeST, mfumo wa kielektroniki wa manunuzi ya umma, kwa hiyo kamera ya darubini haitanunuliwa wiki moja kabla ya safari. Mzigo ukifika bandarini au uwanja wa ndege, VAT ya asilimia 18 hukokotolewa juu ya bei, usafiri, bima na ushuru kwa pamoja. Kama mkataba wa mfadhili unaruhusu msamaha wa kodi, ombi liandikwe kabla mzigo haujaondoka kwa muuzaji. Baada ya hapo ghala linaanza kudai tozo.

Ukiomba fedha za ndani

Vipaumbele vya taifa ni kilimo, afya, viwanda, nishati. Usiandike kwamba nyota zako zitaongeza mavuno ya mahindi; mkaguzi ataliona hilo aya ya kwanza. Eleza yaliyo kweli: mwanafunzi anayechuja data za Gaia anajifunza takwimu na programu ambazo nchi inazihitaji, anayejenga kipokea mawimbi anajifunza elektroniki, na wote wawili wanaweza kufundisha fizikia. Taja idadi ya watu utakaowafundisha, kwa saa ngapi, na watabaki na kifaa gani. Andiko dogo linaloeleza matumizi ya kila shilingi hupita mbele ya kubwa lenye ahadi.

Fedha zikisimama ghafla

Wiki ya kwanza, nakili data na programu zako nje ya seva ya mradi, sehemu mbili tofauti. Omba chuo barua inayosema tarehe fedha zilipokatika na kwamba kosa si lako. Mfadhili mwingine ataihitaji. Ukiwa nje ya nchi, nenda ofisi ya wanafunzi wa kimataifa kabla hujafuta usajili, kwa sababu viza hufuata usajili. Omba kuahirisha masomo rasmi kwa muhula mmoja au miwili badala ya kuacha kimya kimya; anayeahirisha hurudi na alama zake, anayetoweka huanza upya. Na mwambie msimamizi siku hiyohiyo sura ipi imekamilika kiasi cha kutumwa kuchapishwa.