Jua wanaokunukuu wanasema nini, si wako wangapi tu

Kwa wanaoandaa faili la kupandishwa cheo chuoni: idadi ya marejeo (mara ulizonukuliwa) pekee haisemi kama kazi yako ilitumika au ilitajwa tu kupamba utangulizi. Kwenye Google Scholar, bonyeza namba ya marejeo iliyo chini ya makala yako. Juu ya orodha itakayofunguka kuna kisanduku cha kutafuta ndani ya makala hizo hizo. Kitie tiki, kisha andika jina lako la ukoo na mwaka wa makala, mfano Mushi 2016. Kwa sababu Scholar hupekua hata matini ya ndani, chini ya kila tokeo mara nyingi utaona kipande cha sentensi yenye jina lako. Hapo unaona nani ametumia dodoso lako, nani anakupinga, na nani amekubandika kwenye mabano pamoja na wengine sita. Wawili au watatu kati ya wale wa kwanza, waliotumia kazi yako kweli, ndio wa kuwataja kwenye maelezo yako. Wana uzito kuliko h-index (kipimo kinachojumlisha wingi wa makala zako na mara zilizonukuliwa), ambayo tangu mwanafizikia Jorge Hirsch aipendekeze mwaka 2005 haijawahi kueleza sababu ya kunukuliwa.

Njia hii ya kutafuta jina haifanyi kazi vizuri kwenye fani za tiba zinazotumia mtindo wa Vancouver: matini huwa na namba tu, jina liko kwenye orodha ya marejeo. Huko tafuta jina la kipimo au mbinu yako badala ya ukoo. Na PDF zilizoskaniwa kama picha zinaweza zisionekane kabisa.