Bampa Limechunika: Upake Mwenyewe au Umpe Fundi Rangi?

Kazi yangu ni rangi za magari, hapa Unguja. Mara kwa mara naletewa bampa ambalo mwenyewe angelimaliza uani kwake na pesa zikabaki mfukoni. Naletewa vilevile mabampa yaliyokwisha pakwa uani, rangi inamenyuka kama ganda la ndizi, na kuitoa rangi hiyo mbovu kunanitia kazini kuliko kupaka upya. Ndiyo maana mtu akiniuliza "nifanye mwenyewe au nilipe?", siangalii bei kwanza. Naangalia rangi ya gari ni ipi, kisha bampa limeumia vipi.

Rangi. Magari yetu mengi ni Toyota zilizotumika Japani, na namba ya rangi imo kwenye kibati: ama ndani ya boneti, ama kwenye nguzo ya mlango. Tafuta palipoandikwa C/TR, alama tatu za mwanzo ndizo rangi. 040 ni nyeupe ya kawaida, 202 ni nyeusi ya kawaida. Hizi hazina chembe za kung'aa, na mtu mwenye subira anaziweza kwa kopo la kupuliza. 1F7 ni fedha, na fedha ina vipande vidogo mno vya alumini ndani yake. Vipande hivyo vikilala ovyo, kwa sababu umepuliza karibu mno au umelowesha, bampa litaonekana limeiva kuliko fenda ingawa rangi imetoka kopo moja. Na 070, ile nyeupe ya lulu, haina mjadala. Ni tabaka tatu: nyeupe chini, lulu katikati, klia juu, yaani ile isiyo na rangi ya kulinda na kung'arisha. Ukiipuliza lulu mkono mmoja zaidi, yaani tabaka moja la kupuliza, weupe umebadilika. Hiyo mpe fundi, tena fundi unayemjua.

Kuumia. Mchubuko wa pembeni, kama ule wa kugusa ukuta wa mawe unapogeuza gari Malindi au Vuga, Mji Mkongwe, ni kazi ya uani. Bampa lililopasuka au lililokatika masikio ya kushikia si kazi ya uani. Hapo bora uulize kwanza bampa lililotumika lenye namba ileile ya rangi; ukibahatika, hupaki kabisa.

Msimu nao una neno lake. Masika usiguse kopo. Unyevu unaingia kwenye rangi inapokauka na kuacha ukungu mweupe, hasa kwenye nyeusi. Chagua siku kavu isiyo na upepo mkali, anza saa tatu asubuhi umande ukishakauka, na uwe umemaliza kabla ya adhuhuri. Jua la saa saba linaunguza rangi kabla haijajilaza.

Sasa hatua zenyewe.

Hatua ya 1: Livue

Skrubu zimo ndani ya matao ya magurudumu, chini ya bampa, na klipu za plastiki juu karibu na boneti. Chumvi ya bahari hula skrubu zetu, kwa hiyo zitie mafuta ya kulegeza usiku wa kabla. Chomoa waya za taa za ukungu kabla ya kuvuta. Piga picha kila klipu ilipotoka.

Hatua ya 2: Osha, kisha osha tena

Hapa ndipo kazi nyingi zinapofia, na wala si kwenye kupuliza. Dawa ya kung'arisha matairi na dashibodi ina silikoni, na silikoni ikibaki hata kidogo, rangi itakimbia na kuacha vishimo vya duara tunavyoviita macho ya samaki. Osha kwa sabuni ya vyombo na brashi, nje na ndani, hadi maji yatandae juu ya plastiki bila kujikusanya matone. Maji ya kisima chetu yamepita kwenye mawe ya matumbawe, yana chokaa, yakikauka yanaacha madoa. Suuza mara ya mwisho kwa maji ya mvua au ya chupa. Likikauka, pangusa kwa dawa ya kuondolea mafuta kutoka duka la rangi za magari. Tumia vitambaa viwili: kimoja kina dawa, cha pili kikavu kinafuata nyuma kabla dawa haijakauka. Kitambaa kimoja kinahamisha mafuta tu, hakiondoi.

Kuanzia hapo usilishike kwa mikono mitupu.

Hatua ya 3: Msasa

Geuza bampa uangalie nyuma. Ukiona >PP< au >PP+EPDM<, hiyo ni plastiki laini, ndiyo iliyo nyingi. Ikiguswa na msasa mkali inaota nywele. Kwa hiyo pale plastiki ilipoonekana usianze na namba 80 kama mtu anayenyoosha bati. Lainisha kingo za mchubuko kwa 240, endelea na 320, na sehemu yote iliyobaki na rangi nzima isugue kwa 600 ya maji hadi mng'ao ufe. Ukipitisha kidole usihisi ngazi. Ukiihisi kwa kidole, kesho utaiona kwa macho.

Kama kuna mfereji, tumia puti ya plastiki, ile inayopinda. Puti ya bati ni ngumu, na bampa likiguswa kidogo inapasuka na kudondoka kipande.

Pangusa tena kwa vitambaa viwili.

Hatua ya 4: Praima

Praima, yaani rangi ya chini ya kushikishia, zipo mbili na kila moja ina kazi yake. Ya kwanza ni praima ya plastiki, nyembamba, inapulizwa mkono mmoja mwepesi pale tu plastiki ilipo wazi. PP haishikwi na rangi. Bila dawa hii, utakachopaka kitatoka na presha ya maji ya kuoshea gari. Ya pili ni praima ya kujaza, mikono miwili au mitatu, ukipumzisha dakika 10 hadi 15 kati ya mkono na mkono. Iache ikauke kama kopo linavyosema, kisha isugue kwa 600 ya maji. Mikwaruzo ikionekana bado, ongeza praima. Usijidanganye kwamba rangi itaificha.

Hatua ya 5: Rangi

Tikisa kopo dakika mbili baada ya kuisikia gololi ikicheza. Simama umbali wa sentimita 20 hadi 25. Anza kupuliza nje ya bampa, pita moja kwa moja bila kusita, malizia nje. Kila mpito ufunike nusu ya uliotangulia. Mkono wa kwanza usizibe. Uache kama vumbi, chini paonekane. Wa pili na wa tatu ndiyo inayojaza. Likikauka litakuwa bovu la kutazama, halina mng'ao hata chembe. Usiogope wala usiongeze rangi.

Hatua ya 6: Klia

Klia ya kopo la kawaida haina hadna, dawa ya kuigandisha iwe ngumu. Ni nafuu, lakini inachoka mapema kwa jua letu. Ya pili ina hadna ndani ya kopo hilohilo: unabonyeza kitufe chini, unatikisa, na kuanzia hapo una saa 24 hadi 48 tu, kutegemea aina, kabla haijagandia ndani. Hiyo ndiyo inayodumu.

Lakini sikiliza. Hadna hiyo ina isosayaneti, na mvuke wake unaleta pumu. Kifua kikishaathirika nayo, hata harufu kidogo baadaye inaweza kukubana kifua. Kitambaa cha kichwa hakizuii, wala barakoa ya hospitali. Vaa barakoa ya mpira yenye vichujio vya mvuke na vya chembechembe, glavu na miwani, fanya mahali wazi, na watoto wasiwe uani. Ukikosa barakoa hiyo, fanya mpaka rangi, klia mpe fundi. Klia haiji siku nyingine utakayo: soma kopo la rangi, kwa kawaida inatakiwa iingie siku hiyohiyo.

Mikono miwili au mitatu inatosha. Usiguse hadi kesho yake, usiioshe kwa wiki nzima, na nta isubiri mwezi.

MASWALI YA WASOMAJI

Mama mmoja wa Jang'ombe: Fundi, chei chei. Aliyenipa bei ndogo amesema hatavua bampa, atafunika gari kwa magazeti. Kuna ubaya?

Chei chei, bibie. Kwa mchubuko ulio katikati, mbali na kingo, si vibaya. Lakini mchubuko wako ukifika pale bampa linapoungana na fenda, rangi itaishia kwenye mstari, na mstari huo ndiko maji yanakoanza kuingia na kumenya. Kabla ya kumlipa muulize mambo matatu: anatia praima ya plastiki, klia yake ina hadna, na rangi ikibanduka atarudia au vipi. Akisitasita kwenye hilo la kwanza, mshukuru uondoke.

Kijana wa Wete, Pemba: Huku rangi ya namba yangu siipati. Nikiagiza Unguja au Dar inakuja sawa?

Namba peke yake haitoshi, mdogo wangu. Gari lililopigwa jua miaka mingi si rangi iliyoandikwa kwenye kibati tena. Fungua kifuniko cha nje cha tangi la mafuta, kile chenye rangi ya gari, king'arishe, kitume kwa mwenye mashine ya kuchanganya alinganishe. Ni kidogo, kinatoka kwa skrubu chache. Rangi ikija, pulizia kwanza kwenye kadi, itie klia, uiweke kando ya gari juani na kivulini. Na kopo la kupuliza halipandi ndege, si mkononi wala kwenye begi la chini. Kwa boti waulize wenyewe kabla hujalifunga kwenye mzigo.

Dereva wa taksi, Mwanakwerekwe: Sisi siku zote tunapangusa kwa petroli na hakuna kilichotokea.

Kimetokea, ila ulikuwa umeshauza gari! Petroli inaacha mafuta yake nyuma, na kando ya moto wa sigara sihitaji kusema. Ukikosa dawa yenyewe, spiriti safi ni bora mara nyingi zaidi.

Msomaji wa Fuoni: Rangi imetiririka mistari miwili. Nifute na thina?

Hasha! Thina itayeyusha mpaka praima. Kama ni mtiririko wa klia, iache wiki ikauke hasa, isugue kwa 1500 ya maji ukiwa umezungushia msasa kipande cha mbao bapa, kisha 2000, kisha 3000, malizia na dawa ya kung'arisha. Kama ni mtiririko wa rangi yenyewe kabla ya klia, subiri ikauke, sugua kwa 800, rudia mkono mmoja.

Mwenye Harrier: Langu lina sensa za kuegesha na lina rada ya pembeni. Naweza kupaka mwenyewe?

Sensa za kuegesha, zile duara, zivue; ukizipaka, zipake utando mmoja mwembamba peke yake, maana tabaka nene linazifanya zipige kelele bila sababu au zinyamaze. Rada ni habari nyingine. Imekaa nyuma ya bampa na inaona kupitia plastiki, na puti au rangi nyingi za chembe za chuma mbele yake zinaipotosha. Mchubuko ukiwa upande huo, peleka kwa mtu mwenye kifaa cha kuipima baadaye, na mwambie mapema kwamba rada ipo, kwani wengi wetu hatuulizi.