Namna ya kukesha na mpira wa Kimarekani hapa Moshi, ukiwa na Waingereza wasioelewana

Nina banda la mpira mtaa wa Soweto, hapa Moshi. Banda umiza, kama vijana wanavyoyaita. Viti arobaini vya plastiki, skrini mbili, na barazani wapo wazee wa drafti ambao hawalipi kiingilio kwa sababu wao walikuwepo kabla ya banda. Chakula changu cha kila siku ni Simba, Yanga na Ligi Kuu ya England. Waingereza nao huja, wengine wameshuka mlimani juzi na bado wanachechemea, wengine wanajitolea mashuleni, na Jumamosi ya mechi kubwa wanabanana na madereva wa bodaboda bila neno. Neno huanza siku mmoja wao anaponiuliza, "Mama, unaweza kutuwekea mpira wa Kimarekani?" Hapo mmoja anachekelea, wa pili anaguna, wa tatu anatoka nje kuvuta sigara.

Nimeshauweka mara kadhaa, na fainali ya Februari 2024, ile wanayoiita Super Bowl, nilikesha nayo mpaka kumekucha. Nawaandikia wenye mabanda wenzangu, na yeyote ambaye mgeni wake amemwomba amsindikize.

Anza na saa, maana hapo ndipo nilipoumbuka

Ubaoni niliandika kwa chaki: "Super Bowl, Jumapili, saa 8:30 usiku." Mswahili akisoma hapo anajua ni usiku wa manane. Dada mmoja wa Cardiff, kule Wales, ndiyo kwanza ana wiki mbili Moshi, akatokea saa mbili na nusu usiku na mto wake wa kukalia kwapani. Kwake nane na nusu ni hiyo hiyo nane na nusu. Nikamwambia, "Dada, bado saa sita." Akacheka, akakaa, akala mtori bakuli mbili, wazee wakamfundisha drafti na kumfunga michezo yote. Siku hizi naandika mistari miwili: juu "usiku wa kuamkia Jumatatu, saa 8:30", chini yake 2:30 kwa ajili ya wageni.

Msimu unaanza Septemba, na Super Bowl ni Februari. Mechi nyingi ni Jumapili. Zile za mapema huanza saa 2 usiku kwetu, ila mwanzoni mwa Novemba Wamarekani hurudisha saa zao nyuma na sisi hatugusi za kwetu, kwa hiyo kuanzia hapo ni saa 3. Kama hutaki kukesha, subiri mechi za London za mwezi wa kumi, huanza saa 10:30 jioni na unalala kwa wakati. Kuhusu king'amuzi, uliza wiki moja kabla kama kifurushi chako kina chaneli inayoonyesha. Usisubiri kuuliza watu wameshakaa.

Kaa kama mzee wa drafti

Ukiutazama mchezo huu kwa macho ya Simba na Yanga utasinzia robo ya kwanza. Gazeti moja la Marekani, Wall Street Journal, liliwahi kupima mwaka 2010 likakuta mechi inayochukua saa tatu ina kama dakika 11 tu za mpira kuchezwa kweli. Muda uliobaki watu wanasimama, wanajipanga, kuna marudio kwenye skrini, na matangazo. Mwingereza asiyeupenda ataanza na malalamiko hayo hayo, nawe utaona ana haki.

Sasa mwangalie mzee wa drafti pale barazani. Kete inasogea kwa nukta moja. Kabla ya hapo ameinama dakika mbili, ameshika kidevu, na watu sita wamemzunguka wanabishana asogeze ipi. Hakuna anayesema mchezo umesimama, maana mchezo wenyewe ndio huo. Mpira wa Kimarekani uko hivyo. Ule muda waliosimama ndio wakati wa kubishana: watakimbia nao au watarusha? Ukishaweka shilingi yako ya mdomo kabla mpira haujatoka, zile sekunde tano zinakuwa tamu.

Ili ubishane unahitaji sheria chache. Timu inapewa majaribio manne kusogeza mpira yadi 10, yaani mita tisa na kidogo. Ikifika inapewa mengine manne, isipofika mpira ni wa wenzao. Ndiyo maana jaribio la nne wengi hawathubutu: wanaupiga mbali kwa mguu kumrudisha adui nyuma, au wakiwa karibu wanaupiga upite katikati ya milingoti wapate pointi 3. Ukiingia nao eneo la mwisho ni tachidauni, pointi 6, na teke la nyongeza pointi 1. Anayeanzisha karibu kila kitu ni kwotabeki, mfikirie kama kiungo mchezeshaji, ila huyu anaambiwa la kufanya na kocha kupitia kidude kilicho ndani ya helmeti.

Pembeni mwa skrini utaona namba kama 3 & 7. Ya kwanza ni jaribio la ngapi, ya pili ni yadi zilizobaki. Hiyo ndiyo ya kukariri kabla ya nyingine zote. Mstari wa njano unaokatiza uwanja unaonyesha pa kufika, lakini haupo pale uwanjani, umechorwa na kompyuta. Nina kijana wa bodaboda mpaka leo anabisha kwamba kuna mtu anaupaka na kuufuta.

Kijana huyo huyo aliingia wakati wa mapumziko ya fainali ile, akaona 49ers 10, Chiefs 3, akashika kichwa: "Kumi kwa tatu! Kipa yuko wapi?" Mweleze mtu wa namna hiyo kwamba tofauti ya saba ni shambulizi moja tu na teke lake. Na vijana wa mikeka waambie mapema kwamba sare ni nadra sana katika msimu, na fainali haina sare kabisa. Ukiweka X umetoa sadaka.

Waingereza wako watatu, wajue kabla hawajakaa

Usidhani Waingereza ni kitu kimoja kwa jambo hili. Usiku ule nilikuwa na watatu, na kila mmoja alikuja na lake.

Wa kwanza nilimwita Mzee wa Leeds, naye aliitika. Aliupenda mchezo huu tangu utotoni, maana Channel 4 ya kwao ilianza kuuonyesha mwaka 1982, na mwaka 1986 Chicago Bears na Dallas Cowboys walikuja kucheza Wembley. Wa rika lake wako hivyo, wanakuhadithia Bears kama wazee wetu wanavyohadithia Pan African na Nyota Nyekundu. Lakini mzee huyu alikuwa na balaa la pekee. Klabu yake, Leeds United, mwaka 2023 ilichukuliwa yote na kampuni ya uwekezaji ya hao hao San Francisco 49ers waliokuwa wanacheza fainali. Sasa ashangilie au azomee? Akanieleza hesabu yake: wakishinda, huenda mkono utalegea wamnunulie beki, wakishindwa, atacheka. Alicheza pande zote mbili usiku mzima.

Hapo umeshika mzizi wa chuki ya wengi wao. Wamarekani wenye timu hizi ndio wenye klabu zao. Glazer wana Manchester United na wana Tampa Bay Buccaneers. Kroenke ana Arsenal na ana Rams. Khan wa Jacksonville Jaguars alinunua Fulham. Na Kroenke huyo mwaka 2016 aliihamisha Rams yote kutoka St. Louis kwenda Los Angeles, mashabiki wakabaki na skafu zao. Mwingereza akisikia hivyo damu inamchemka, kwa sababu kwao Wimbledon iliwahi kuhamishiwa Milton Keynes na jeraha halijapona. Fikiria uamke Tanga uambiwe Coastal Union sasa ni ya Mbeya.

La pili linalowakera ni kutoshuka daraja. Detroit Lions mwaka 2008 walipoteza mechi zote 16. Kwetu hapo ungeshuka na kocha angeondoka usiku. Wao walipewa zawadi: aliyeshika mkia ndiye anayechagua wa kwanza kwenye foleni ya wachezaji wapya wanaotoka vyuoni. Foleni hiyo nayo inaitwa drafti, na nilipolitaja hilo barazani wazee walinielewa vibaya kwa nusu saa. Lions walimchukua Matthew Stafford, ambaye baadaye alikuja kuwa bingwa, lakini akiwa Rams. Mzee wa Leeds anaona utaratibu huu una haki kuliko wa kwao, ambapo mwenye pesa ananunua kila mtu. Dada wa Cardiff alimwambia hana akili.

Huyo dada ni mtu wa raga, na Wales raga ni dini. Mwezi mmoja kabla ya fainali hiyo winga wao kipenzi, Louis Rees-Zammit, alitangaza kuacha raga aende kujaribu NFL, yaani ligi yenyewe ya mpira wa Kimarekani, siku ile ile ambayo kikosi cha Wales kilikuwa kinatajwa. Alikuja kukesha ili aone ni kitu gani kimemchukua mtoto wao. Ukipata mtu wa raga, usimwambie mchezo huu ni raga yenye helmeti. Mwambie ni mjukuu wa raga aliyekataa kusikiliza wakubwa: tangu 1906 ameruhusu kurusha mpira mbele kwa mkono, jambo ambalo raga hairuhusu kamwe. Tachidauni nayo ina jina la uongo, maana huhitaji kuugusisha mpira chini. Hilo lilimuudhi kuliko yote. Nikampoza kwa kumwambia kuwa hata jirani zetu yamewakuta: Mkenya Daniel Adongo alitoka kwenye raga akaingia Indianapolis Colts mwaka 2013. (Rees-Zammit hakucheza hata mechi moja ya msimu rasmi, na mwaka 2025 alirudi kwenye raga. Dada alinitumia ujumbe wenye vikatuni vya kucheka mstari mzima.)

Wa tatu alikuwa kijana wa London, shabiki wa Arsenal, na aibu yake ni hii: uwanja wa Tottenham ameshaingia mara nne, zote kwa ajili ya NFL. Uwanja ule ulijengwa na nyasi zinazoteleza kutoka, chini yake kuna zulia la mpira wa Kimarekani, na tangu 2019 mechi huchezwa hapo. Anasema akiwa juu ya zulia lile haoni kama yuko kwa adui. Vijana wa namna yake hawana ugomvi na mtu, wanavaa jezi yoyote, wanapiga picha, wanafurahi. Mtu wa raga na kijana huyu usiwakalishe kiti kwa kiti.

Mwingine wa kumjibu ni yule anayelalamika kwamba mchezo unasimama sana huku anapenda kriketi. Muulize mechi yao ya kriketi, ile ndefu, huweza kuchukua mpaka siku ngapi. Tano. Na wanasimama kunywa chai.

Mavazi, tumbo na umeme

Jezi usinunue dukani. Nenda soko la mitumba la Memorial siku marobota yanafunguliwa, utapata Cowboys, Raiders, Packers, kwa bei ya kupatana. Nilitundika nne ukutani na banda likabadilika. Kijana wangu wa bodaboda alivaa ya Raiders, Mzee wa Leeds akamuuliza ameanza lini kuipenda, akajibu, "Tangu Alhamisi." Jambo lingine la kuwahadithia wateja: fulana za ubingwa huchapwa za timu zote mbili kabla ya fainali ili mshindi azivae pale pale. Za aliyeshindwa haziuzwi kwao, na kwa miaka mingi zimepelekwa nchi za mbali kama msaada. Ukikutana na fulana inayomtaja bingwa ambaye hakuwahi kuwa bingwa, usiitupe, Waingereza wanazigombea.

Chakula kigawe. Kiti moto na ndizi za kuchoma kabla ya saa nane, kisha usipike kitu kizito tena. Mapumziko ya fainali ni marefu kwa sababu ya muziki, tenga hapo chai ya tangawizi na chapati. Kahawa ya Kilimanjaro iwe kwenye chupa muda wote. Nilitoza shilingi 3,000 mtu mmoja, chai ndani, na ilinirudishia.

Umeme ulikatika robo ya tatu. Jenereta lilikuwepo, petroli haikuwepo, kwa sababu kijana niliyemtuma aliona lita moja itatosha. Lita moja inatosha mpira wetu. Huu weka tano. Dakika ishirini gizani zilikuwa ndizo pekee ambazo Waingereza wote watatu walikubaliana jambo, na jambo lenyewe lilinihusu mimi.

Tuliporudi hewani mechi ilikuwa imewaka. Zikamalizika robo nne 19 kwa 19, wakaingia muda wa nyongeza, 49ers wakatangulia kwa teke, halafu zikiwa zimebaki sekunde tatu Mahomes, kwotabeki wa Chiefs, akamrushia Mecole Hardman na Chiefs wakashinda 25 kwa 22. Mzee wa Leeds alitukana, kisha akacheka kama alivyoahidi. Kijana wa Arsenal alikuwa amelala mdomo wazi. Dada wa Cardiff alikuwa amesimama juu ya kiti changu na viatu.

Ilikuwa saa moja kasoro asubuhi, mlima umejianika wote bila wingu. Watoto wa shule walikuwa wanapita na masweta yao, mmoja akachungulia dirishani akaniuliza kama hayo ni marudio ya mechi ya jana. Nikamwambia ndiyo, awahi shule.