Mtaa na bandari: kutoka daftari la kero hadi makubaliano yanayoshika

"Bandari inatutesa" inaweza kuwa kweli tupu, lakini hakuna wa kuijibu. Bandari si mtu mmoja. Mara nyingi mamlaka ya bandari ni mwenye ardhi na msimamizi tu. Gati limekodishwa kwa kampuni ya upakuaji, meli ina mwenyewe anayewakilishwa na wakala, malori ni ya wasafirishaji, na barabara ya nje ya lango iko chini ya halmashauri au serikali kuu. Vumbi likipelekwa kwa wakala wa meli, au foleni ya malori kwa msimamizi wa gati, kila mmoja atajibu, na kwa haki, kwamba halimhusu. Kazi ya kwanza ya wakazi, basi, ni kuipa kila kero saa yake, upepo wake na mwenyewe.

Daftari kwanza, barua baadaye

Tafuteni kaya nane hadi kumi zilizo pande mbalimbali za mtaa, ziandike kwa wiki nne hadi sita. Kila tukio liwe na tarehe, saa ya kuanza na kuisha, mahali, aina ya kero, upepo unakotoka, na meli iliyo gatini. Majina ya meli hupatikana bure kwenye tovuti zinazoonyesha mwendo wa meli. Linganisheni "jana usiku palikuwa na vumbi jingi" na "usiku wa kuamkia tarehe 12, saa 7:40 hadi saa 9:10, upepo kutoka baharini, meli ya klinka gati namba 3" (klinka ni mabonge yanayosagwa kuwa saruji). Maneno ya pili meneja wa gati anaweza kuyaweka kando ya kumbukumbu zake za zamu na kuona kreni ipi ilikuwa kazini.

Hapo kwenye saa ndipo madaftari mengi hufia. Bandari huandika kwa mtindo wa saa 24: saa 7:40 usiku kwao ni 01:40, na tarehe imeshabadilika. Zile tovuti za meli nazo mara nyingi hutumia saa ya kimataifa, UTC, inayoweza kutofautiana na ya kwenu kwa saa kadhaa. Wekeni safu mbili za saa, ya kwetu na ya saa 24, na msiandike "saa saba" bila kutaja usiku au mchana. Kosa la saa sita linatosha kuyaangusha madai yote.

Kwa vumbi, tegeni sahani safi nje kwa saa 24, kisha lifungeni vumbi hilo kwenye mfuko wenye lebo. Unga mweupe unaoyeyuka wote kwenye maji yaelekea ni chumvi ya bahari, usipoteze nguvu nao. Vumbi la saruji hushika na kuwa gumu likipata umande. Jeusi lina utata, kwani linaweza kuwa makaa ya mawe kutoka ghalani au masizi ya malori barabarani. Maabara yenye hadubini hutofautisha, na gharama ya vipimo vichache ni bora kuliko mabishano ya mwaka mzima.

Vipima-hewa vya bei nafuu vinasaidia, ila vijulikane udhaifu wake. Unyevu hewani ukipita takriban asilimia 80, chembe za chumvi huvimba na kifaa husoma juu kuliko hali halisi. Vumbi nene linalotua kwenye nguo zilizoanikwa nalo mara nyingi kifaa hakilioni vizuri. Kiwekeni kimo cha mita mbili hadi tatu, mbali na jiko na moshi wa takataka, na kabla ya yote kikae wiki mbili kando ya kituo rasmi cha kupima hewa mjue kinakosea kiasi gani. Kipimo cha kulinganishia ni mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021: mikrogramu 15 za chembe ndogo (PM2.5) kwa mita ya ujazo kwa wastani wa saa 24, na 5 kwa wastani wa mwaka.

Kelele ina mtego wake. Meli ikiwa gatini huendesha jenereta usiku kucha, na mngurumo wake ni mzito, wa chini, unaopenya ukuta. Kipimo cha kawaida cha dBA (desibeli zinazofuata usikivu wa sikio) huupunguza mngurumo huo, na maikrofoni ya simu huzidi kuupunguza. Ombeni mpimaji aandike dBA na dBC, inayohesabu zaidi sauti nzito, kwa pamoja. Tofauti ikizidi desibeli 15 hadi 20, tatizo ni sauti nzito, na kufunga madirisha hakutasaidia sana.

Kamati

Kwa kamati ya pamoja ya wakazi na bandari, watu tisa hadi kumi na watano wanatosha. Wakazi wachaguliwe na mkutano wa mtaa, si na bandari, na wapangaji na wavuvi wawemo, kwa sababu vikao hujaa wenye nyumba. Upande wa bandari, sharti aje afisa uendeshaji na afisa mazingira. Afisa uhusiano peke yake hufika, husikiliza kwa adabu, na hawezi kuamua lolote. Mwenyekiti asiwe wa upande wowote.

Hadidu za rejea zisizidi kurasa mbili: mambo ambayo kamati inayaamua, yale inayoyashauri tu, akidi, na muda wa ujumbe. Kutaneni kila mwezi kwa miezi sita ya mwanzo, jioni baada ya kazi, kisha kila robo mwaka. Nyaraka zitoke siku saba kabla ya kikao, na kumbukumbu zibandikwe hadharani ndani ya wiki mbili. Kama bandari inalipa posho, kiwango kitangazwe. Posho ya siri huua imani kuliko vumbi.

Mambo ya kudai

Anzeni na yasiyo ghali. Honi za "bip-bip" za mashine zinaporudi nyuma zinaweza kubadilishwa na zile zenye mvumo mpana, unaosikika karibu na mashine lakini hufifia haraka mbali. Taa za uwanjani zielekezwe chini. Kijiko cha kreni kishushwe hadi karibu na hopa (faneli kubwa inayopokea shehena) ndipo kifunguliwe, na kazi isimame upepo ukipita kasi iliyokubaliwa. Msikubali jibu la "tutamwagia maji" kwa kila shehena. Maji hufaa makaa ya mawe, lakini klinka, saruji, mbolea na nafaka huharibika. Kwa hizo, daini hopa yenye mfumo wa kufyonza vumbi na chujio, pamoja na ratiba ya kusafisha chujio, maana likiziba hopa hiyo ni mapambo tu.

Foleni ya malori huanzia kwenye ratiba, si barabarani. Lori lipewe miadi ya muda maalumu, lisubiri kwenye maegesho likiwa limezima injini, na linalowahi mno lisiruhusiwe kusogelea lango. Miadi bila maegesho huhamishia foleni mitaani kwenu.

Ghali ni umeme wa nchi kavu, ambao huwezesha meli kuzima jenereta zake. Gati na meli vyote lazima viwe na vifaa vinavyoingiliana, na meli kubwa huhitaji volti 6,600 au 11,000, kwa hiyo shirika la umeme nalo liitwe mezani mapema. Wakati mkisubiri, bandari inaweza kupanga meli zenye kelele kwenye magati ya mbali. Kuhusu mafuta, tangu Januari 1, 2020 kikomo cha salfa duniani ni asilimia 0.50, na 0.10 katika maeneo maalumu ya udhibiti. Ukaguzi wake hufanywa na mamlaka ya usafiri wa majini, hivyo moshi mweusi uripotiwe huko pia.

Kuandika makubaliano

Kila kipengele kiwe na mhusika, tarehe, ushahidi utakaoonekana, na kitakachofuata kisipotekelezwa. Huko Los Angeles, wakazi na wanaharakati wa mazingira walifungua kesi mwaka 2001 kuhusu gati la kampuni ya meli ya China Shipping. Mapatano yaliyofuata yalileta umeme wa nchi kavu gatini hapo mwaka 2004. Hata hivyo, mwaka 2015 ilibainika kwamba baadhi ya masharti ya mazingira ya gati hilo hayakuwa yametekelezwa. Njia imara ni kuyaingiza masharti ndani ya mkataba wa upangishaji wa gati, na "mambo yatokanayo" yasomwe mwanzoni mwa kila kikao, kipengele kwa kipengele.

Pawe na namba ya simu ya saa 24, inayotoa namba ya kumbukumbu na kumfikisha msimamizi wa zamu ndani ya saa moja. Jibu la kesho halina faida, meli itakuwa imeshang'oa nanga. Baada ya kila badiliko, pimeni tena mahali palepale na saa zilezile, mkiandika pia idadi ya meli na malori, kwani wiki yenye kazi ndogo huonekana kama mafanikio. Na malalamiko yakipungua ghafla, mjumbe mmoja aipige ile namba saa nane usiku kabla kikao hakijaandika kwamba hali imetulia.