Kabla hujaifungua tena injini ya turbo iliyofungwa juzi

Injini iliyofungwa upya kisha ikaanza kutoa moshi wa bluu inauma kuliko iliyochoka kwa uzee. Hela imeshatoka, gari bado bovu, na fundi anakwambia ulete pistoni na ringi nyingine (ringi ni zile bangili za chuma zenye mkato zinazoizunguka pistoni). Kabla hujaenda Shaurimoyo kuulizia bei, tafuta kwanza jibu la swali moja: zile za mwanzo zimekufa kwa nini? Usipolipata, seti mpya itakufa kwa ugonjwa uleule.

Niliwahi kuletewa Subaru Forester ya turbo (feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi kusukuma hewa zaidi kwenye injini), injini ya EJ20, iliyofungwa gereji nyingine na kutembea kilomita zisizofika elfu moja. Mwenye gari akaniambia, "Fundi, pistoni nimeshanunua, wewe funga tu." Nilipotoa pistoni ya silinda ya nne, ringi ya juu ilikuwa vipande viwili, na ncha zake ziling'aa kama kijiko kilichosuguliwa kwa majivu. Ncha ya ringi iliyofungwa vizuri haing'ai hivyo. Ukiona mng'ao ule, ujue ncha mbili zilikutana: moto uliitanua ringi, ikakosa pa kwenda, ikabana ukuta wa silinda mpaka ikavunjika na kumega ukingo wa pistoni. Aliyeifunga alizitoa ringi kwenye boksi akazivalisha zilivyo. Pistoni mpya alizoleta yule kaka zilikuwa nzuri, ila ringi zake nazo zilitakiwa kupimwa na kusagwa kwanza. Ningefunga "tu", angerudi baada ya mwezi.

Kwa hiyo anza kwa kuhakikisha kwamba kweli ni ringi. Moshi wa bluu unaweza kutoka kwenye turbo yenyewe. Chomoa paipu ya hewa, shika shafti kwa vidole. Kucheza kidogo ubavuni ni kawaida, lakini ikisogea mbele na nyuma, au mapanga yakigusa kuta, turbo imekwisha. Angalia pia kama intakula, kipoza hewa inayotoka kwenye turbo, ina dimbwi la oili, na kama hozi ya kurudisha oili kutoka kwenye turbo haijakunjika.

Kisha pima kompresheni: betri iwe na chaji, plagi zote zitoke, pedeli ya mafuta ikanyagwe hadi mwisho. Ile mbinu ya kumimina oili kidogo kwenye silinda na kupima tena haiaminiki sana kwa Subaru, kwa sababu silinda zimelala na oili hujikusanya upande wa chini. Bora upulize hewa ya kompresa kwenye tundu la plagi, pistoni ikiwa juu kabisa na valvu zimefunga, halafu usikilize. Hewa ikitokea kwenye mfuniko wa oili, ni ringi au pistoni. Ikitokea kwenye ekzosi, valvu ya kutolea moshi. Mapovu kwenye rejeta, gasketi ya hedi.

Sababu ya pili inayoua pistoni za turbo hapa mjini ni kugonga, yaani mchanganyiko wa hewa na mafuta kulipuka wenyewe badala ya kuungua kwa mpangilio. Turbo nyingi za petroli zilizotengenezwa kwa soko la Japani zilipangwa kwa petroli yao ya daraja la juu, ambayo huuzwa kama okteni 100. Tunayojaza hapa Dar iko chini ya hapo. Ongeza joto la Februari, foleni ya Mwenge, na intakula iliyojaa vumbi. Utaona alama juu ya pistoni, vishimo kama vya chuma kilichodonolewa, na chembe ndogo za alumini kwenye kaure ya plagi. Ukiviona hivyo, bajeti yako iwe na kusafisha nozeli, kupima presha ya pampu ya mafuta, na kumlipa mtu anayejua kurekebisha programu ya injini na kushusha boosti, yaani presha ya hewa ya turbo. Bila hayo ni bora gari likae.

Kama ringi au pistoni ilivunjika, vipande vilienda mahali. Vingine vilipita kwenye turbo, kwa hiyo kagua mapanga ya upande wa ekzosi. Vingine viliingia kwenye oili, navyo ndivyo ninavyoviogopa zaidi. Oilikula, kile kipoza oili, huwezi kuisafisha ukawa na uhakika; mimi huibadilisha. Pampu ya oili ifunguliwe, metali za kirenki (beringi zinazoshika mhimili mkuu wa injini) zitazamwe, na kile kichujio kidogo kilichofichwa kwenye bolti ya paipu ya oili ya turbo kisisahaulike. Kikiziba, turbo mpya inakosa oili.

Sasa vipimo. Usipeleke bloku kwa mafundi wa mashine wa Gerezani kuchongwa kabla pistoni hazijafika mkononi. Silinda huchongwa kufuata pistoni husika, kila moja na namba yake, siyo kufuata "saizi ya 50" (kubwa kwa nusu milimita) iliyoandikwa kwenye boksi. Pistoni za kufuliwa, kama mhunzi anavyofua chuma, hutanuka zaidi kuliko za kumiminwa, hivyo zinahitaji nafasi kubwa zaidi ukutani, na fundi wa mashine lazima aambiwe ni za aina gani. Pistoni na bloku vilale usiku mzima sehemu moja ndipo vipimwe asubuhi. Pistoni ya milimita 92 iliyopata joto la nyuzi 12 zaidi juani hutanuka kama milimita 0.025, na kiasi hicho kinatosha kuharibu hesabu yote.

Nafasi ya ncha za ringi ya juu kwa turbo ya barabarani, pa kuanzia ni kama 0.005 ya kipenyo cha silinda. Kwa EJ20 yenye milimita 92, hiyo ni 0.46. Ringi ya pili hupewa zaidi kidogo. Karatasi ya mtengenezaji ikisema tofauti, fuata karatasi. Isukume ringi ndani kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, pima kwa fila (bapa jembamba la kupimia nafasi), saga ncha moja tu.

Gasketi ya hedi na bolti zake, nunua mpya. Hapo sina mjadala.

Usafi nao tuuseme wazi, kwa sababu gereji zetu nyingi ziko chini ya mwembe. Silinda iliyotoka kuhoniwa, yaani kusuguliwa kwa jiwe, haioshwi kwa petroli wala dizeli. Hivyo huacha unga wa jiwe ndani ya mikwaruzo. Tumia maji ya moto, sabuni ya unga na brashi, kisha pitisha kitambaa cheupe. Kikitoka na kijivu, rudia. Mimi hutumia vipande vya kanzu kuukuu, na nimewahi kurudia mara sita. Kikitoka cheupe, paka oili palepale na funika kwa plastiki. Kwa unyevu wa pwani, chuma kikavu kilichoachwa wazi usiku kinaweza kuamka na kutu.

Mwisho, panga siku ya kuwasha. Ringi mpya zinahitaji mzigo, hazihitaji kuunguruma nusu saa mbele ya gereji. Weka oili ya madini, chagua Jumapili alfajiri, toka Kimara kuelekea Kibaha: kanyaga kwa wastani, achia gari ishuke kwa gia, rudia, boosti ikiwa chini. Ukirudi, mwaga oili ikiwa ya moto, kata filta, kunjua karatasi yake mwangani. Unga mwembamba wa kijivu ni wa kawaida. Ukiona vipande vinavyometa unavyoweza kuvishika kwa kucha, usiwashe tena.