Kumlinda Kijana Mhamiaji Asinaswe na Makundi ya Itikadi Kali

Kijana anayeomba hifadhi anaweza kungoja uamuzi miezi mingi, pengine mwaka na zaidi. Mara nyingi hana ruhusa ya kufanya kazi, lugha hajaishika, na ndugu zake wako mbali. Msaka wafuasi hupenyea hapo, tena haji na mahubiri. Humsomea barua za ofisini, humtafutia pa kulala, humtumia vocha ya simu. Baadaye humwingiza kwenye kundi la siri mtandaoni, humtenga na wenzake, na mwisho humdai fadhila. Anayetaka kuzuia hayo awahi kufika kabla yake.

Ndani ya wiki ya kwanza, kila kijana awe na mlezi anayemjua kwa jina. Mlezi mmoja asipewe zaidi ya vijana watatu au wanne. Wakizidi, mazungumzo hugeuka ukaguzi. Wakutane kila wiki, siku na saa ileile, hata pasipo na jambo jipya. Mweleze kijana hatua za ombi lake moja baada ya nyingine: mahojiano ni lini, nani anaamua, muda wa kukata rufaa ni siku ngapi. Asipozipata habari hizo kwako atazipata kwa mwingine. Mkalimani asiwe jamaa yake wala mtu wa jumuiya yake ndogo, maana kijana hatafungua moyo mbele ya anayeweza kupeleka maneno nyumbani.

Kosa linaloharibu kazi hii kuliko yote ni kuichukua dini kuwa dalili. Ndevu, hijabu, kufunga, kusali sana au kukasirikia vita vya kwao havionyeshi hatari yoyote. Ukimshuku kwa hayo, unathibitisha maneno ya msakaji kwamba hapa hakubaliki. Tazama mabadiliko ya ghafla yanayokuja pamoja: amekata marafiki wote, anaficha simu, anawataja watu wa kundi fulani kama wadudu, anasifu mauaji, anagawa vitu vyake, anaulizia silaha au safari asiyotaka kuieleza. Dalili moja peke yake huwa na sababu nyingine, mara nyingi msongo wa mawazo au kiwewe cha njiani.

Ukiwa na wasiwasi, andika ulichokiona na maneno aliyoyasema, pamoja na tarehe. Maoni yako yaweke kando. Kisha mshirikishe mwenzako mmoja kabla ya kumkabili kijana. Usibishane naye juu ya aya au siasa. Utashindwa, au utashinda naye akaondoka. Muulize: nani alikuambia hivyo, alikusaidia nini, anataka nini kwako? Maswali hayo humrudisha kwenye maisha yake mwenyewe.

Dalili zikikusanyika, lipeleke suala kwenye timu ya pamoja ya taasisi zinazohusika. Mjini Aarhus, Denmark, tangu 2007 polisi, shule na ustawi wa jamii hushughulikia masuala haya kwa pamoja, na kijana hupewa mshauri wake. Panapo tishio la wazi, silaha au safari iliyokwisha pangwa, piga simu polisi papo hapo. Mwambie kijana mpaka huu tangu siku ya kwanza: yapi yatabaki siri na yapi hayawezi. Akigundua baadaye kwamba ulikuwa ukimripoti kimyakimya, vijana wote watakukwepa.

Wenyeji nao wasisahaulike. Mradi wa Exit ulioanza Norway mwaka 1997 ulikusudiwa kuwatoa vijana kwenye makundi ya kibaguzi ya wazungu, na njia zake zinafanana na hizi. Chuki dhidi ya wahamiaji huwapa wasakaji wa upande wa pili hoja zao, basi fanyeni kazi pande zote mbili.

Siku ya barua ya kukataliwa ombi ndiyo ya kuangaliwa zaidi. Asiipokee peke yake. Mlezi awepo, mwanasheria awe amekwisha arifiwa, na kwa wiki mbili zinazofuata aonwe kila siku, kwa sababu hatari ya kujidhuru nayo hupanda.