Tafuta kihifadhi kabla ya kuamini krimu ya chini ya macho

Geuza boksi, achana na maandishi makubwa ya mbele, kisha tafuta neno "phenoxyethanol" kwenye orodha ya viambato. Hicho ni kihifadhi, yaani kinachozuia krimu isiharibike, na Umoja wa Ulaya hauruhusu kizidi asilimia 1. Krimu nyingi hata za kwingineko hufuata kiwango hicho. Kwa kuwa orodha huanza na kilicho kingi na kushuka, chochote kilichotajwa baada yake kwa kawaida hakizidi asilimia 1. Krimu yangu ilijinadi kwa vitamini C. Niliikuta mkiani kabisa, nyuma ya kihifadhi. Kumbe nilichonunua ni maji na glisirini kwenye kichupa kizuri.

Usiitumie mbinu hii kwa retinoli (aina ya vitamini A) wala peptaidi (vipande vidogo vya protini), maana hizo hufanya kazi hata zikiwa kidogo sana. Na chini ya asilimia 1 mtengenezaji hupanga viambato atakavyo, kwa hiyo usihangaike na nani katangulia huko mwishoni. Kama kihifadhi hicho hakimo, mbinu imekwama.

Kwa usalama ndiyo haisaidii kabisa: manukato, yaani "parfum", yanaweza kuwasha ngozi hii nyembamba hata yakiwa ya mwisho. Pakaa krimu kidogo upande wa ndani wa kiwiko mara mbili kwa siku, siku 7, kabla haijafika machoni. Mjamzito aiache yenye retinoli.